Uzoefu wangu: karantini ya samaki wapya kwa boksi la plastiki na filta ya sponji, Mwanza

Wadau wa samaki wa urembo habari zenu. Naleta mrejesho wa vitu nilivyonunua kutengenezea tanki la karantini, yani la kuwatenga samaki wapya mpaka nihakikishe hawaumwi, na kwa wale wavivu wa kusoma naanza na majibu kabisa: filta ya sponji nyota tano, pampu ya hewa yenye betri nyota nne, boksi la plastiki nyota nne, hita nyota mbili na hizo mbili nimeipa kwa huruma tu.

Kwanini nimehangaika na karantini. Samaki wengi wa urembo ninaowakuta kwenye maduka ya hapa mjini wametoka Dar, wanafungwa kwenye mifuko yenye oksijeni wanapandishwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wakishuka stendi ya Nyamhongolo wamechoka hoi na samaki akichoka kinga yake inashuka, ugonjwa aliokuwa nao kimyakimya ndo unajitokeza. Sasa mimi kwenye tanki kubwa nina furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wakiwemo wale wenye mgongo mwekundu na mistari myeusi, Pundamilia nyererei, ndio, wamepewa jina la Mwalimu, na wanatoka hukuhuku kwenye ghuba yetu. Furu wa aina nyingi sana walipotea ziwani baada ya sangara kushamiri miaka ya 1980, kwaiyo hawa wangu siwezi kuwachanganya na mgeni ambaye sijui amelala wapi jana.

Muuzaji nilimuuliza, "Mdogo wangu hawa wamefika lini?" akanijibu "Jana dada, wazima kabisa hawa, we si unaona wanavyochangamka." Nilicheka tu. Samaki mwenye njaa lazima achangamke akiona mtu mbele ya kioo. Nikachukua yelo labu, wale wa njano wa Ziwa Nyasa wenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni, nikaenda nao kwenye boksi.

Boksi lenyewe ni lile la plastiki angavu la kuwekea nguo, lina mfuniko, la lita kama 60, hayo yamejaa kibao pale sokoni Makoroboi na unapatana bei. Mi nilitaka la kuonyesha pembeni ili nimwone samaki kwa ubavu, ndoo utamwona mgongo tu na dalili za magonjwa mengi unaziona ubavuni na kwenye mapezi. Kasoro yake ukilijaza linafura pembeni mpaka unaogopa, kwaiyo naishia lita 40 hivi na limekaa sakafuni sio mezani. Ndani sijaweka mchanga wala mawe wala mmea, chini kweupe kabisa, kuna vipande viwili tu vya bomba la maji la inchi mbili wajifiche humo. Wengine watasema pabaya hapo, ila sio sebuleni hapo, ni wodi. Mfuniko nimeuacha nikafunika na kipande cha chandarua kilichochakaa nikakibana na mpira, maana samaki mgeni akishtuka usiku anaruka, asubuhi unamkuta mkavu chini ya kochi.

Filta ya sponji sasa. Hii kitu ni rahisi mpaka unajiuliza wanauza nini, sponji na kibomba basi, hewa inapanda ndani ya kibomba inavuta maji yapite kwenye sponji. Kazi yake kubwa ni kuwapa bakteria mahali pa kuishi, hao ndo wanageuza amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki wenyewe na kwenye mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, na wengine wanageuza naitraiti kuwa naitreti ambayo ina nafuu. Sponji mpya kutoka dukani haina bakteria hata mmoja, ukiiweka na samaki siku hiyohiyo umewaweka kwenye choo. Mi niliitumbukiza kwenye tanki langu kubwa wiki kadhaa kabla sijaenda kununua samaki, ikakaa nyuma huko inabwabwaja, ilivyotoka ilikuwa imeshabadilika rangi ina utelezi, nilivyoibonyeza kidogo kwenye ndoo yakatoka maji ya kahawia kama chai ya rangi. Huo uchafu ndo mali yenyewe. Ukiosha sponji usitumie maji ya bomba, tumia maji uliyoyatoa kwenye tanki, klorini inaua bakteria wako wote.

Na klorini yenyewe, maji ya bomba ya hapa yanatoka ziwani yanatibiwa, kwahiyo nayakinga kwenye ndoo naacha wazi na jiwe la hewa, kile kijiwe cha mwisho wa mrija wa pampu kinachotoa mapovu, mpaka kesho yake ndo natumia. Kuna mtu aliniambia si uchote tu ziwani Kirumba pale maji ya bure. Asante sana, na minyoo ya bure na konokono wa bure, halafu mwenyewe niondoke na kichocho. Hapana.

Pampu ya hewa nilichukua ile yenye betri ndani, umeme ukikata inaendelea yenyewe, tena hata kwenye pawa benki inakula chaji. Kwa mazingira yetu hiki sio kitu cha anasa, boksi la lita 40 lenye samaki wamebanana hewa ikisimama usiku mzima unaamka na msiba. Nimeikata nyota moja kwa kelele, inatetema kama simu kwenye meza ya kioo, nikaikalisha juu ya kandambili kuukuu ikatulia. Halafu jambo ambalo kwenye boksi la pampu hawajaandika: pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, au ununue ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, maana hewa ikikata maji yanaweza kurudi kwenye mrija mpaka ndani ya pampu na mpaka sakafuni kwako. Vali ni bei ya soda, nunua.

Hita nayo. Kiukweli Mwanza unaweza kuishi bila hita miezi mingi, ziwa lenyewe linacheza kwenye nyuzi 24 mpaka 27 na ndani ya nyumba maji hayaachani sana na hapo, shida ni kipupwe cha Juni na Julai, usiku kinashuka na boksi dogo linapoa haraka kuliko tanki kubwa. Nilinunua ya wati 50. Ukiweka kitufe chake kwenye 26 maji yanafika 29, ukirudisha 24 inakaa 26 inapotaka, yani ina akili zake. Bila kipimajoto cha kubandika pembeni ningewachemsha. Na ukitumia boksi la plastiki hita isiguse ukuta, itayeyusha, mi nimeiingiza ndani ya kipande cha bomba nilichokitoboa matundu mengi, na ukipunguza maji chomoa kwanza kwenye soketi. Jina la kampuni sitaji, ila kama hita yako haina kipimajoto pembeni usiiamini hata kama imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Kuwaingiza samaki hapa wengi tunabishana, wapo wanaosema fungua mfuko uwatonyeshee maji taratibu masaa mawili. Kwa samaki aliyetoka dukani dakika kumi sawa, lakini aliyekaa kwenye mfuko safari nzima mi siwezi kufanya hivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu anayoitoa samaki inashusha pH, yani maji yanakuwa na asidi zaidi, na pH ikiwa chini ile amonia inakuwa haina ukali sana. Ukifungua mfuko hewa chafu inatoka, pH inapanda, amonia inakuwa sumu kwelikweli na samaki yumo humohumo unamtonyeshea. Uache mfuko uelee kwenye boksi ukiwa umefungwa joto lilingane, fungua, mchote na wavu mtie kwenye boksi, maji ya mfuko mwaga kwenye maua.

Muda wa karantini wanaojua wanasema wiki nne, na mi nimeelewa kwanini baada ya kuona mwenyewe. Wiki ya kwanza wote safi, wanakula, wanafukuzana kwenye bomba. Baadae mmoja akaanza kujikuna, anapiga ubavu kwenye bomba ghafla halafu anaendelea na safari kama hamna kitu. Nikawasha tochi ya simu nikachuchumaa pembeni ya boksi, kwenye ule mstari mweusi wa pezi la mgongoni kuna vidoti vyeupe vitatu. Kwenye mwili wa njano nisingeviona. Hiyo ni iki, ugonjwa wa madoa meupe, na kama angekuwa ameshaingia kwa furu saa hizi naandika kitu kingine.

Nilipandisha joto taratibu mpaka 30, nikaongeza hewa kwa sababu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na nikaweka chumvi ya mawe gramu 2 kwa kila lita, yani gramu 80 kwa lita zangu 40, niliiyeyusha pembeni kwanza nikaigawa kwa siku mbili. Hawa wa Nyasa wanaivumilia vizuri, ila ukiwa na kambale wadogo kuwa makini na chumvi. Madoa yakapotea ndani ya siku chache na hapo ndo watu wengi wanaacha dawa. Usiache. Kile kidudu kikidondoka kutoka kwa samaki hakijafa, kinakaa chini kinajigawa kinatoa watoto mamia wanaoogelea kutafuta samaki mwingine, na dawa inawapata wakiwa wanaogelea tu, wakiwa ndani ya ngozi ya samaki haiwafikii. Ndo maana nasema chini pawe peupe, kila siku nafyonza takataka za chini na mrija nabadilisha robo ya maji, nikikumbuka kurudisha chumvi kwa kiasi cha maji niliyotoa tu sio yote upya. Joto nilishikilia wiki mbili baada ya kuona doa la mwisho, na hesabu ya wiki nne nikaianza upya.

Dawa za duka la samaki zile za bluu sikutumia, zinaweza kuvuruga bakteria wa sponji na hapo unarudi kwenye amonia. Kwa minyoo ya tumbo levamisole inapatikana maduka ya dawa za mifugo, na praziquantel, zilezile za kichocho ambazo kanda yetu hakuna mtoto asiyezijua, inasaidia kwa minyoo bapa ya kwenye matamvua. Lakini usitie dawa kwa samaki ambaye haumwi ati kwa tahadhari, angalia kwanza, ona kinyesi, ona anavyopumua.

Jirani yangu kila akipita ananiuliza, "Shoga, ziwa lote lile we unafuga kwenye boksi la nguo? Hao tunakaanga lini?" Nimemwambia asubiri sato.

Gharama yote pamoja na chandarua cha bure haikufika laki moja, na hela kubwa imekula pampu na hita. Kama mfuko haukai vizuri acha hita kwanza, pampu usiache. Wavu na ndoo za karantini ziwe zake peke yake, mi nimeziandika kwa maka nyekundu na dada wa kazi anajua hazifuliwi nguo. Wale yelo labu wamevuka wako na furu sasa. Boksi nimeliosha kwa jiki, nikasuuza sana, likakaa juani mpaka likakauka kabisa. Sponji iliyopita kwenye ugonjwa sijairudisha tanki kubwa, nimetupa, ni elfu kumi tu, na nyingine mpya tayari iko kule nyuma ya tanki inabwabwaja.