Mkanda wa shaba ndani ya gitaa: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Mkanda huu ninao tangu miezi minne iliyopita, kwa hiyo sasa naweza kuusemea. Ni ule wa shaba wenye gundi, unaobandikwa ndani ya gitaa la umeme kuzuia kelele. Niliuagiza Dar, ukafika Mwanza kwa basi. Sh. 25,000, nauli ya mzigo mbali.

Napiga gitaa kanisani, upande wa Nyakato. Gitaa langu ni la mtindo wa Stratocaster, lina pikapu tatu za koili moja moja (pikapu ni ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, siyo gari). Wakati wa kusifu hakuna anayesikia kitu, ngoma zinafunika yote. Balaa ni pale mchungaji anaposema "tuinamishe vichwa". Kanisa zima kimya, halafu kwenye spika: mmmmmm. Siku moja mama mmoja wa kwaya aliniuliza, "Mwanangu, hilo friji mmeliweka wapi?"

Mwenye sikio la muziki ataujua mvumo huo: ni sol iliyopanda kidogo. Umeme wetu una hertz 50, na sol ya chini kule ni 49. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu utaipata sol hiyo hiyo, oktavu moja juu. Nikipiga wimbo wa ufunguo wa sol walau friji lilikuwa linaimba nasi. Kwenye fa, aibu tupu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia pedali ya kukata kelele. Sitaitaja jina, maana kazi yake inaifanya: usipopiga, inafunga sauti. Lakini ukipiga tu, mlango unafunguka na kelele inaingia pamoja na noti. Na ile noti ndefu ya mwisho wa wimbo, ambayo ungetaka ififie taratibu, inakatwa kama kwa panga. Nimeiuza.

Kilichonifungua akili ni umeme kukatika. Nyumbani Mabatini nina amplifaya ndogo ya betri ya volti 9. Usiku mmoja nafanya mazoezi, mvumo uko pale pale, mara mtaa mzima ukazima. Amplifaya yangu haikuzima, iko kwenye betri. Kilichozima ni mvumo. Nikakaa gizani napiga gitaa safi kama maji ya kisima, nikaomba wasiurudishe upesi. Uliporudi watoto wa jirani wakapiga kelele za furaha, na amplifaya nayo: mmmmmm.

Kumbe kelele ilikuwa inapita hewani. Nyaya za ukutani, taa, chaja za simu za bei rahisi, vyote vinarusha, na gitaa langu lilikuwa antena. Nikalibeba hadi kwa mzee mmoja fundi redio, Makoroboi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chomeka, halafu usipige kitu."

Akanipa mitihani mitatu. Kwanza, zima volyumu ya gitaa: kelele ikapungua sana, ikabaki kidogo tu. Kilichopungua ndicho kilichokuwa kinatoka kwenye gitaa, kilichobaki ni cha waya au amplifaya. Pili, rudisha volyumu, shika nyuzi: ule mlio mkali wa nyuki ukashuka. Hapo akasema waya wa ethi kwenye daraja la nyuzi uko salama. Ungekuwa umekatika, kushika kusingebadilisha kitu au kungeongeza. Tatu, geuka taratibu na gitaa mkononi: ule mvumo mzito ukapungua nilipoelekea mlangoni, ukarudi nilipoielekea transfoma ya redio aliyokuwa akiitengeneza.

"Kijana wangu, una kelele mbili ndani ya gitaa," akasema. "Ya nyuki, shaba itaiondoa. Hii inayobadilika ukigeuka ni ya sumaku. Hata ulifunike gitaa zima kwa shaba, itapita."

Hili ndilo wauzaji wa mkanda hawakwambii. Dawa ya mvumo wa sumaku ni koili mbili zinazopingana, kila moja ikifuta mvumo wa mwenzake huku sauti ya nyuzi ikibaki. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya pikapu ya namna hiyo mwaka 1955. Mimi sikununua nyingine. Koili yangu ya katikati imezungushwa kinyume na wenzake, kwa hiyo swichi ikiwa nafasi ya pili au ya nne koili mbili zinafanya kazi pamoja na mvumo unakufa. Miaka yote nilikuwa naipita nafasi hiyo!

Kazi ya kubandika ilinichukua Jumamosi nzima. Unatoa nyuzi, unafungua kava, unabandika shaba kwenye shimo lote na mgongoni mwa kava. Vipande vipandiane, na gundi iwe ya kupitisha umeme. Pima kwa mita kutoka kona hadi kona, isipolia lehemu maungio. Halafu waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi ethi, nyuma ya volyumu. Kingo ni kali. Kidole gumba changu ni shahidi.

Nikafunga, nikachomeka. Kimya. Nikafurahi, nikapiga nyuzi: kimya vile vile. Karibu saa mbili nzima nikiamini nimeunguza pikapu, kumbe ncha ya jeki ilikuwa inagusa shaba na sauti yote inaishia kwenye ethi. Kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme kikamaliza kesi.

Mlio wa nyuki umekwisha, nikishika nyuzi au nikiziacha. Ila pale kanisani kelele kidogo ilibaki hata nikizima volyumu, na maikrofoni ilikuwa inanichonyota mdomo nikiwa nimeshika gitaa. Hiyo si kazi ya mkanda. Fundi umeme alikuta fimbo ya ethi imeingia kidogo tu, imegota kwenye mwamba. Ndiyo Mwanza yetu, tumejenga juu ya mawe, na mwamba mkavu haupokei umeme. Ikahamishiwa bondeni kwenye udongo wenye unyevu. Mdomo wangu umepona, amplifaya imetulia. Akitokea mtu wa kukushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ili kelele iishe, mkatalie: amplifaya ikipata hitilafu, umeme utapita kwenye nyuzi ulizozishika.

Mkanda naupa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeinyima kwa sababu gundi imeanza kuachia kwenye kona mbili, joto la hapa si mchezo. Kanisani sasa tunainamisha vichwa kwa amani. Nyumbani jirani yangu ni fundi mageti, na akianza kulehemu najua, hata kabla sijaona cheche dirishani.