Wapambaji wawili wa Mwanza: sendofu yangu na harusi yangu

Nimepambwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja hapa Mwanza. Naandika kwa ajili ya bibi harusi mtarajiwa anayehangaika kutafuta mtu.

Mara ya kwanza ilikuwa saluni ya katikati ya mji. Nililipa laki na themanini: mekapu, nywele na kucha za sendofu. Wiki tatu kabla wakaniita "kuandaa ngozi". Dada akanipa kikopo cheupe kisicho na lebo, akasema nipake usiku tu, nikwepe jua, nitakuwa nimetakata. Nikamuuliza kina nini. "Ni mchanganyiko wetu, wateja wanaupenda."

Sikupaka. Nimekulia Geita, nimeona wachimbaji wadogo wakikamatia dhahabu kwa zebaki, na tulionywa tangu utoto tusiiguse. Zebaki hiyohiyo hutiwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha, kwa kuwa inazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Inapenya mwilini na kuharibu figo. Ndiyo maana vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku nchini. Kitu nisichoweza kusoma viambato vyake sikipaki usoni, hata kama kinatoka saluni ya bei.

Siku yenyewe wakanipaka fandesheni nyeupe kuliko mimi kwa namba mbili au tatu. Nilisema. Nikajibiwa, "Bibi harusi lazima awake, kwenye kamera itakaa." Ukumbini nikawa namlisha baba keki, mkono wangu mweusi uko pale pale karibu na uso. Shangazi yangu wa Magu akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mikono naifahamu. Uso umeazima kwa nani?" Iliniuma, maana alisema kweli. Ndugu wametoka mbali kuja kuniaga, wakamuaga mtu mwingine.

Kwa harusi nikaenda kwa mama mmoja wa Kirumba anayepambia nyumbani kwake, laki moja na ishirini. Tulifanya jaribio wiki moja kabla. Alinikalisha dirishani, akanichora mistari mitatu ya fandesheni kwenye taya, tukapiga stori kama dakika kumi ikauke, kwani nyingine hubadilika rangi zikishakauka. Kisha akatazama upi umepotea kwenye ngozi. Ulipotea wa katikati, na bado akaongeza tone la rangi ya giza zaidi. Siku ya harusi akapaka kidogo kidogo kwa sponji mbichi, akashusha hadi shingoni na kifuani, poda juu. Picha tulipiga alasiri kwenye mawe ya Capri Point, jua kali na upepo wa ziwa, na hakuna kilichoyeyuka. Lipstiki tu ndiyo iliisha baada ya chakula.

Kasoro zipo. Alichelewa dakika arobaini, na gundi ya kope za kubandika ililichoma jicho langu la kushoto, likatoa machozi njia nzima ya kanisani. Siku ya jaribio mwambie akupake gundi kidogo mkononi, au mkatalie kope kabisa.

Na kabla ya kumlipa yeyote, omba picha za wateja weusi kama wewe, zilizopigwa juani bila filta. Wa Kirumba alinionyesha kwenye simu yake bila kusita. Mdogo wangu ameshampa kishika nafasi cha Desemba.