Godot 4 kwa jemu ya gemu ukiwa Lamu: pakua yote kabla mada haijatangazwa

Jemu ya gemu, yaani shindano la kutengeneza gemu nzima kwa muda mfupi, haina subira. Mada inatangazwa, saa 48 au 72 zinaanza kukatika, na zikiisha gemu iwe tayari iko mtandaoni watu waicheze. Injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, inayomfaa mtu mwenye faiba mezani si lazima imfae aliye Lamu, ambako mara nyingi intaneti ni bando la simu, na nyumba za mji wa kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe zinazomeza mawimbi hadi mtu apande juu kutafuta netiweki. Kwa mazingira hayo, injini ya Godot 4 tunaipa nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu haikukatwa bure, tutaifikia.

Sifa yake kubwa ni kwamba ikishaingia kwenye mashine haina haja tena na mtandao. Hakuna akaunti ya kufungua wala leseni ya kuthibitisha kila baada ya muda. Ni bure chini ya leseni ya MIT, na programu yenyewe ni faili moja ndani ya zip ambayo haifiki MB 200. Huisakinishi, unaifungua na kufanya kazi. Ukiweka kando yake faili tupu lenye jina _sc_, mipangilio yote inabaki kwenye folda hiyohiyo, kwa hiyo timu nzima inaweza kunakili folda moja kwa flashi na kila mtu akawa na kitu kilekile. Maelezo ya kila klasi (kijenzi cha Godot) yamo ndani, bonyeza F1. Mwongozo mkubwa nao hupakuliwa kama zip ya kurasa za HTML. Uchukue, kwa sababu saa nane za usiku ndipo utakapotaka kujua jinsi TileMapLayer, kijenzi cha ramani za vigae, inavyosoma migongano.

Wengi hukwama kwenye templeti za kuekspoti, faili ambazo Godot huzitumia kugeuza mradi kuwa gemu inayochezeka nje ya programu. Hazimo ndani ya programu. Ni kifurushi cha pembeni cha GB 1 hivi, na mtu hukumbuka kukitafuta dakika 40 kabla ya dirisha kufungwa. Pakua faili ya .tpz mapema, kisha kwenye kidirisha cha templeti chagua kusakinisha kutoka kwenye faili. Anayetaka kupunguza mzigo ajue kwamba .tpz ni zip tu iliyobadilishwa jina. Mmoja apakue yote, aifungue, awagawie wenzake faili za wavuti peke yake, nao waziweke ndani ya export_templates kwenye folda yenye jina la toleo, kwa mfano 4.3.stable. Jina hilo lisipolingana na programu herufi kwa herufi, Godot itakwambia templeti hakuna, nawe unaziona kwa macho yako.

Kwa sababu hiyohiyo, toleo likishachaguliwa lisiguswe. Mwenzenu mmoja akifungua mradi wa 4.3 kwa 4.4, Godot itaanza kuzalisha faili za utambulisho za .uid kando ya kila skripti, na mwenye toleo la zamani akiupokea mradi huo ataona mambo hayaendi. Kubalianeni toleo wiki nzima kabla, hata kama jipya limetoka jana na lina mapambo.

Laptopu nyingi huku ni za mtumba, na hapo Godot ina mtego. Ukifungua mradi mpya, chaguo la kwanza la uchoraji ni Forward+, linalotegemea kadi ya picha ya kisasa. Kadi za zamani za Intel hukataa au hukwamakwama. Chagua Compatibility, inayotumia OpenGL 3.3, njia ya uchoraji inayokubaliwa na kadi za zamani. Ikiwa programu haifunguki kabisa, iwashe kwa amri yenye --rendering-driver opengl3. Hata mwenye mashine kali achague Compatibility, kwa kuwa toleo la wavuti halina njia nyingine. Ukitengeneza vivuli na mwanga vizuri kwenye Forward+ kisha ukaekspoti kwa kivinjari, utapata gemu isiyofanana na uliyoiona, na muda wa kurekebisha huna.

Na toleo la wavuti ni lazima. Wapiga kura wa jemu wana gemu mamia za kujaribu, na yenye kitufe cha kucheza palepale hupata wachezaji kuliko ya kupakua. Kwa hiyo jaribio la kwanza la wavuti lifanyike wiki kabla, kwa mradi mtupu wenye mraba unaotembea. Mambo yanayoharibika ni haya, nasi tunayaweka kwa mpangilio wa jinsi yanavyouma.

Kwanza, nyuzi (threads), yaani kazi kadhaa zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu. Kuanzia 4.0 hadi 4.2 toleo la wavuti lilihitaji SharedArrayBuffer, kumbukumbu ya kivinjari ambayo nyuzi hushirikiana, na bila seva kutuma vichwa maalumu (headers) unaona skrini ya makosa tu. Kwenye itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, kuna kisanduku cha kuiruhusu, lakini si kila kivinjari kinakubali. Tangu 4.3, iliyotoka Agosti 2024, unaweza kuekspoti bila nyuzi. Zima nyuzi, tatizo linaondoka. Hii peke yake yatosha kukuhamisha kutoka 4.2.

Pili, majina ya faili. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, ila gemu iliyoekspotiwa inajali. Skripti ikiita punda.png na faili inaitwa Punda.png, kwenye mashine yako punda anaonekana, kwenye kivinjari hayupo. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Tatu, sauti. Vivinjari havipigi muziki mpaka mchezaji abofye kitu, basi weka ukurasa wa mwanzo wenye kitufe cha Anza. Kubofya kitufe hicho pia kunafanya gemu ianze kupokea kibodi. Usitumie Ctrl kama kitufe cha kuchuchumaa: mchezaji akishika Ctrl huku anabonyeza W ya kwenda mbele, kivinjari kinafunga dirisha, na kura yake imekwenda.

Faili kuu iitwe index.html, na usijaribu kuifungua kwa kuibofya mara mbili kwenye folda. Haitafanya kazi bila seva. Tumia kitufe cha kuendesha kwenye kivinjari kilichomo ndani ya Godot.

Kuna jambo moja ambalo kwa Lamu lina uzito wa pekee na Godot inalifanya vizuri kuliko tulivyotarajia: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayetaka gemu yenye beti za utenzi kwenye ukuta wa mchezo, Godot 4 inaunganisha herufi na kuzipanga kutoka kulia bila programu ya ziada. Toleo la 3 halikuwa na uwezo huo. Lakini fonti ya kawaida ya mradi haina herufi za Kiarabu. Kwenye kompyuta zinaonekana kwa sababu Godot huazima fonti za mfumo. Kwenye wavuti haiwezi kuazima, na unabaki na visanduku vitupu. Weka fonti ya Noto Naskh Arabic ndani ya mradi, kisha jaribu چ na پ kwenye kivinjari. Ukitaka maandishi yajitokeze herufi moja moja, badilisha mpangilio wa visible_characters_behavior kwenye RichTextLabel, kijenzi cha maandishi, ili ukataji ufanyike baada ya herufi kuunganishwa. Usipofanya hivyo, herufi ya mwisho inabadilika umbo kila inayofuata inapoingia, na anayesoma Kiarabu atalishangaa neno linavyochezacheza.

Mradi wa msingi uandae mapema pale kanuni zinaporuhusu. Soma kanuni kwanza: Compo, kitengo kimoja cha jemu ya mtandaoni ya Ludum Dare, kwa mfano, ni ya mtu mmoja, na picha na sauti zote zitengenezwe ndani ya saa 48, ingawa msimbo wa msingi ulioandikwa awali unakubalika. Wetu una ukurasa wa mwanzo, kusitisha, kuanza upya, kitelezi cha sauti, na vitufe vilivyopangwa kwa mishale na kwa WASD. Kwa picha za pikseli tunaweka 320×180 na kuikuza mara 4 hadi 1280×720, na kichujio cha picha kwenye Nearest. Ukikiacha kwenye Linear, kila kitu kinakuwa na ukungu. Picha za Kenney, anayetoa picha za gemu bure, zina leseni ya CC0, yaani ni huru kutumika. Pakua chache, si hazina yote, maana kuchagua nako kunakula saa.

Kushirikiana bila bando kunawezekana. Washa hotspoti ya simu huku data imezimwa, laptopu zitaonana na kupeana mradi kwa Git, programu ya kutunza na kuunganisha mabadiliko ya faili. Folda ya .godot isiingie, hiyo ni akiba tu na hujijenga upya. Watu wawili wasifungue tukio (scene) lilelile kwa wakati mmoja: matukio hukaa kwenye faili za .tscn, nazo zikigongana, kuzipatanisha kwa mkono ni adhabu. Mmoja ashike mchezaji, mwingine ramani.

Umeme: pawabenki ya 20,000 mAh ina Wh 74 kwenye karatasi, na baada ya upotevu hubaki kama 60. Laptopu inayokula wati 20 hadi 30 itapata saa mbili hadi tatu. Hakikisha pawabenki inatoa USB-C ya wati 65, la sivyo huenda ikachaji simu tu. Global Game Jam, jemu ya dunia nzima, huangukia mwishoni mwa Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto na joto lake. Laptopu ikipata joto sana hupunguza kasi yenyewe, na mtu hulaumu Godot. Inyanyue kwa vipande viwili vya mbao ili ipate hewa chini.

Kupandisha gemu, tumia butler, programu ya itch.io ya kupandisha faili, na uingie kwenye akaunti kabla ya siku. Faili ya wasm ya Godot, ambayo ni injini yenyewe kwa ajili ya kivinjari, pekee inazidi MB 30 kabla ya kukandamizwa. Butler mara ya pili hutuma tofauti tu, na bando lako linapona. Ratiba nyingi huandikwa kwa UTC, nasi tuko mbele kwa saa 3: 17:00 UTC ni saa mbili usiku. Ila 23:00 UTC ya Ijumaa kwetu ni saa nane za usiku wa kuamkia Jumamosi, na wapo waliojitokeza siku moja baadaye.

Ile nusu iliyokatwa: msimbo wa C# hauendi kwenye wavuti katika Godot 4, basi mjuzi wa C# atalazimika kujifunza GDScript, lugha ya Godot yenyewe. Na uzito wa hiyo wasm ni mkubwa kwa anayecheza kwa simu. Ikiwa wazo lenu ni dogo kweli na laptopu ni dhaifu, PICO-8, injini ndogo ya dola 15 hivi, yenye skrini ya 128×128 na rangi 16, hutoa gemu ya wavuti nyepesi mno, na tungeichukua hiyo kwanza kwa jemu ya mtu mmoja.