TAHADHARI: Kizuia matangazo kilichonigeuza mtaji wa mtu

Wenzangu, kama kizuia matangazo chako cha siku zote kilizimika ghafla ukakimbilia kupakua kingine chochote, soma hapa kabla hujaingia tena kwenye akaunti ya benki. Mimi nimeshaingizwa mkenge, tena nikalipia kwa kadi yangu mwenyewe.

Natumia Chrome. Siku moja nafungua kompyuta, nakuta uBlock Origin imezimwa na ujumbe kwamba haitumiki tena. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye: Google walihamishia viendelezi (programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari, kama vizuia matangazo) kwenye utaratibu mpya uitwao Manifest V3, na kuanzia 2024 wakawa wanavizima vya utaratibu wa zamani. Asubuhi ile sikuwa na habari hiyo. Nilichokiona ni video inayokatishwa kila baada ya dakika chache, na ukurasa wa habari wenye madirisha matatu juu ya aya moja. Uvumilivu ukanishinda. Nikaandika "kizuia matangazo" kwenye sehemu ya kutafutia, nikabofya jibu la kwanza kabisa, lile lenye neno dogo pembeni kwamba limelipiwa. Ndiyo, nilitafuta kizuia matangazo kwa kubofya tangazo. Chekeni tu.

Jina lilifanana na yale tunayoyajua, limeongezewa neno moja mbele. Alama yake ngao nyekundu. Nyota tele. Maoni nayo yalikuwa "Kizuri sana", "Kinafanya kazi", "Kizuri", mengi ya wiki moja. Sikuyasoma hata hayo.

Na kweli kilifanya kazi! Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa, maana tunadhani kiendelezi cha kitapeli lazima kiwe kibovu. Vizuia matangazo vinavyojulikana msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, na orodha za kuchujia matangazo kama EasyList hazilipiwi. Tapeli ananakili vyote, anabadilisha jina na picha, halafu anachomeka mistari michache yake ndani. Matangazo yanapotea kama kawaida, wewe unamshukuru.

Siku ya tatu likatokea dirisha: lipia toleo la dhahabu uzuie hata matangazo ya kwenye video. Nikalipia mwezi mmoja. Kilichobadilika ni rangi ya ngao, ikawa ya dhahabu. Basi.

Nilikigundua kwa bahati. Nilikuwa natafuta kebo ya kuchajia, nikabofya kiungo cha duka, na kabla ukurasa haujafunguka, kule juu kwenye anwani likapita jina nisilolijua, kufumba na kufumbua limeshaondoka. Duka likafunguka, ila anwani yake ilikuwa na mkia mrefu wa herufi na tarakimu. Nikarudi nyuma, nikabofya tena: hakuna mkia. Nikafuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari), nikabofya: mkia umerudi. Nikazima viendelezi vyote, ninavyo saba (sijui hata vingine niliviweka vya nini), nikawa nawasha kimoja kimoja na kubofya kiungo kile kile. Cha nne kilipowaka, mkia ukaonekana.

Maduka mengi ya mtandaoni humlipa kamisheni aliyemleta mteja. Kiendelezi kile kilikuwa kinajipachika katikati kila nilipokwenda dukani, kinajifanya ndiye dalali aliyenileta. Kuna rafiki yangu aliniambia, "Sasa hiyo si hasara ya duka? Wewe bei yako ni ile ile." Nikamwonyesha ruhusa nilizokubali siku ya kwanza bila kusoma: kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Zote maana yake zote. Barua pepe. Benki. Neno la siri wakati unaliandika, kabla halijageuka vidoti. Anayeweza kubadilisha kiungo cha duka anaweza kubadilisha chochote kilicho mbele ya macho yako, na kama ameanza na kamisheni ni kwa sababu kamisheni haina kelele. Tatizo ni kwamba kizuia matangazo cha kweli nacho mara nyingi huomba ruhusa hiyo hiyo, kwa hiyo kuiona tu hakukuambii nani mwizi.

Wala mchezo huu si mpya. Mwaka 2019 Google waliondoa kwenye duka lao la viendelezi viendelezi viwili vilivyoiga majina ya AdBlock na uBlock, vyenye watumiaji zaidi ya 1,600,000 kwa pamoja. Vilikuwa vinatulia kwa saa 55 hivi baada ya kuwekwa ndipo vianze kupachika vidakuzi vya kamisheni, na ukifungua zana za kuchunguza ukurasa, vinaacha mara moja. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Nano Adblocker, ambayo ilikuwa halali kabisa mpaka mwenyewe alipoiuza. Wanunuzi wakatoa sasisho, na watu wakashangaa akaunti zao za Instagram zinapenda picha ambazo hawajawahi kuziona. Hao hawakubofya kitu chochote. Sasisho lilijiweka lenyewe.

Kama umeshakiweka, tafadhali fuata mpangilio huu, maana mimi niliukosea. Kwanza ondoa kiendelezi, halafu ndiyo ubadilishe maneno ya siri. Mimi nilianza na maneno ya siri, yaani nilimkabidhi mapya mkononi. Ukimaliza, nenda kwenye kila akaunti muhimu uchague kutoka (log out) kwenye vifaa vyote, kwa sababu aliyeiba kidakuzi cha kuingilia hahitaji neno la siri. Angalia na kompyuta yako nyingine: changu kilijirudisha kazini kupitia usawazishaji wa akaunti (ile huduma inayonakili mipangilio ya kivinjari kwenye kompyuta zako zote), nikakikuta kinanisubiri na ngao yake ya dhahabu. Kadi niliizuia benki, kwa sababu kitufe cha kusitisha malipo kilifungua ukurasa mweupe, na barua pepe ya huduma kwa wateja ilinirudia haijafika.

Anayetaka mbadala asitafute kwa kuandika jina tu. Fungua ukurasa wa msanidi mwenyewe, ufuate kiungo chake hadi dukani. uBlock Origin ya Raymond Hill ipo GitHub, tovuti ambako wasanidi huweka misimbo ya programu zao, kwa jina la gorhill. Firefox bado inaikubali, na kwa Chrome ametoa uBlock Origin Lite, ina uwezo mdogo kidogo lakini inatosha. Ile tovuti ya ublock.org si yake. Na Hill hapokei hata michango, kwa hiyo ukikuta "uBlock" inayoomba kadi yako, funga. Ningelijua hilo moja tu, ningebaki na hela yangu.

Mtaniuliza kwa nini sitaji jina la kiendelezi chenyewe. Nilikiripoti, na baada ya siku kadhaa kikatoka dukani. Juzi nimepita tena kuangalia: ngao ile ile nyekundu, jina jingine, na maoni yameshaanza kujaa. La kwanza limeandikwa "Kizuri sana".