Swichi ya presha ya oili kwa WRX: uliza thredi kabla ya bei

Swichi ya zamani ya presha ya oili ya Subaru Impreza WRX yangu ilikuwa inavuja. Nilichomoa plagi yake, pale chini ya alteneta, nikakuta oili imejaa ndani. Kumbe ndiyo ile harufu ya kuungua iliyokuwa ikinisumbua kila nikikwama kwenye foleni ya Thika Road. Nikaona kwa kuwa tundu litafunguliwa, niweke na geji kabisa. Gari hili lilitoka kiwandani na taa ya onyo tu, inayowashwa na swichi hiyo, na taa hiyo huwaka presha ikiwa imekaribia kuisha. Ikikuonya, huenda beringi zimeshaumia.

Muuzaji akanipa sensa ya geji. "Hii inaingia Subaru zote, madam." Kuingia iliingia: mizunguko miwili mitatu bila shida, halafu ikakaza. Fundi akachukua spana ndefu zaidi. Nilisikia mkwaruzo, yeye akasema ni uchafu. Siku ya tatu kulikuwa na doa jeusi chini ya gari.

Hapa ndipo watu wanapoumia, na sioni muuzaji anayelitaja. Tundu la Subaru ni BSPT ya 1/8 (kipimo cha Kiingereza cha thredi), yaani thredi, au meno, 28 kwa inchi. Sensa nyingi za geji zinazouzwa kwa soko la Marekani ni NPT ya 1/8 (kipimo cha Marekani), thredi 27. Unene unakaribiana mno kiasi kwamba jicho halitofautishi, na pembe za meno nazo si moja: digrii 55 kwa BSPT na 60 kwa NPT. Sensa ni chuma au shaba, bloku ni aluminiamu. Ukilazimisha, kinachokubali kuharibika ni bloku. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haitibu hilo, inachelewesha tu doa.

Kama unataka taa irudi kufanya kazi basi, nunua swichi ya Subaru yenyewe, usipoteze muda.

Kwa geji, mimi ni wa chapa ya Defi na sifichi. Ni ya Japani, sensa yake imekatwa thredi za Kijapani, ambazo ni BSPT hiyohiyo, inakaa kwenye tundu letu bila adapta. Bei yake inauma, lakini bei ya bloku inauma zaidi.

Chapa ya pili ni AEM. Geji nzuri, inasomeka hata usiku, ila sensa ni NPT, kwa hiyo inataka adapta ya BSPT kwenda NPT. Prosport iko kundi hilohilo, nami naiweka ya tatu. Na tafadhali, usiruhusu fundi apachike sensa nzito juu ya kiungo cha T cha shaba moja kwa moja kwenye injini. Mtikisiko hukivunja shingoni, na oili yote inamwagika ukiwa barabarani. Dai mpira wa presha, sensa ifungwe pembeni kwenye bodi.

Sasa nenda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri Nairobi, uulizie hiyo adapta. Mmoja aliniletea ya bomba la maji. Mwingine akaniambia "thredi ni thredi" huku akiandika risiti. Halafu bei: niliyotajiwa mimi asubuhi na aliyotajiwa kaka yangu mchana, kaunta ileile, boksi lilelile, hazikuwa hata majirani. Nikirudi kulalamika naambiwa vitu vya umeme havirudishwi. Sensa iliyokwama kwa sababu ya meno, imekuwa umeme lini?

Fundi wa pili alilisafisha tundu kwa tapi ya BSPT (kifaa cha kukatia meno), polepole, akifuta kila nusu mzunguko. Bloku ilipona.

Zile za bei ya chini zisizo na jina sina la kuzisemea. Yangu ipo kwenye droo ya jikoni, na katikati ya meno yake bado kuna vipande vya aluminiamu vinavyong'aa.