Pikapu zilizotumika: kwa nini Navara na Ranger hushuka bei haraka kuliko Hilux na D-Max

Weka dabo kebini nne za mwaka 2012 kwenye yadi moja, zote za dizeli, zote zimetembea kilomita 180,000: Toyota Hilux Vigo, Isuzu D-Max, Nissan Navara D40 na Ford Ranger T6. Mbili za kwanza madalali watazigombania. Mbili za mwisho zitapigwa jua. Watu husema ni jina la Toyota tu, na jina kweli linachangia, ila mwenye kupanga bei hasa ni fundi aliyekuja na mnunuzi. Akifungua boneti anajiuliza mawili: ugonjwa gani mkubwa unakuja, na ukija, spea na mtu wa kuufanyia kazi vinapatikana mjini hapa au mpaka Dar es Salaam?

Navara ndiyo inayoangushwa bei zaidi, na kwa sehemu inastahili. Injini yake ya YD25, lita 2.5, inavuta vizuri kuliko Hilux ya 2.5 ya miaka ileile. Tatizo ni cheni ya taimingi, ile inayopanga vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Kwenye matoleo ya awali cheni ya juu ni ya safu moja. Inalika na kurefuka, na oili ikicheleweshwa kubadilishwa inalika upesi zaidi. Dalili ni mlio mwembamba mbele ya injini, ambao wengi huudhania tabo, na mkwaruzo wa sekunde chache gari likiwashwa asubuhi. Ikikatika, pistoni hugonga vali na silinda hedi nayo inaingia kwenye gharama. Dawa inajulikana: seti ya cheni ya safu mbili, pamoja na tensheni (kikaza cheni), reli za kuiongoza na gia zake zote. Anayebadilisha cheni pekee na kuacha gia zilizolika anailisha cheni mpya kwenye meno mabovu.

La pili ni chasisi. Navara zilizotoka Uingereza zimetembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi msimu wa baridi, na huko zimeripotiwa D40 zilizokatika chasisi nyuma kidogo ya kebini. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, gonga kuanzia mwisho wa kebini hadi mwanzo wa bodi ya nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga magamba. Rangi nyeusi mbichi sehemu hiyo tu, usinunue.

Ranger ya lita 3.2 yenye silinda tano ni gari tamu sana la safari ndefu, na inaumia zaidi kwa sababu ya mazoea ya gereji zetu. Fundi wengi hufungua nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, wakaacha oili ichuruzike nusu saa ili itoke yote. Kwa injini hii hilo ni kosa kubwa. Pampu yake ya oili ikikaa kavu hupoteza uwezo wa kuvuta, na injini ikiwashwa inazunguka bila oili. Ford yenyewe huelekeza oili mpya iingie ndani ya dakika kama 10. Kwa hiyo filta mpya na oili, karibu lita 10, viwe vimeshafunguliwa kabla nati haijaguswa. Angalia pia maji ya rejeta: yakipungua bila kuvuja popote na moshi mweupe ukatoka, kipoozeo cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kimetoboka, na ukiendelea kuendesha injini itachemka hadi hedi ipasuke.

Je, Hilux haina ubovu? Inao. Injini ya 1KD, lita 3.0, huchoka washa za shaba, pete nyembamba za kuziba chini ya injekta zinazopuliza dizeli. Moshi wa mwako hupenya, hugeuza oili kuwa masizi magumu, na masizi huziba chujio la oili ndani ya sampu hadi injini igonge kwa kukosa oili. Fungua kifuniko cha oili umulike kwa tochi. Ukiona ukoko mweusi mgumu, sampu ifunguliwe kabla ya malipo. Mkanda wa taimingi nao unadai kubadilishwa kwenye kilomita 150,000. Tofauti ni kwamba ugonjwa huu fundi wengi wa dizeli wanaujua, na washa nne za shaba ni kitu kidogo.

Jambo jingine: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 ikairudisha 2017. Ukionyeshwa karatasi ya mnada wa Japani ya Vigo ya 2012, uliza sana. Zilizoingia zikiwa zimetumika huwa zimetoka Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini.

D-Max ya injini ya 4JJ1 ina cheni, na injini hiyo hiyo imefungwa kwenye malori madogo ya Isuzu, kwa hiyo spea zinazunguka. Kenya inaunganishwa Nairobi, jambo linalorahisisha kupata gari lenye historia ya sevisi. Kwa mtu wa mizigo ningeiweka mbele hata ya Hilux, maana bei yake ya kununulia haijapanda kupita kiasi.

Anayeuza Navara asipunguze bei kabla ya kutengeneza cheni. Mnunuzi hakati gharama ya seti tu, anakata na hofu yake. Badilisha, weka risiti, na cheni ya zamani usiitupe. Ilaze mezani sambamba na mpya, pini ya kwanza kwa pini ya kwanza, upige picha: urefu uliozidi unaonekana kwa macho, na fundi wa mnunuzi hatakuwa na la kukutisha nalo.