Obrezi: bunduki ya vita iliyokatwa ikawa bastola

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani nina silaha mbili. Kabla ya yote, angalieni hapa: bolti, yaani vyuma vya kufungia risasi ndani, ziko wazi; chemba zote mbili, pale risasi inapokaa, ni tupu, nimeingiza kidole kuhakikisha. Sawa.

Hii ndefu ni Mosin-Nagant 91/30, bunduki ya askari wa miguu wa Kisovieti. Imetengenezwa mwaka 1938. Nyota hii ndogo iliyogongwa hapa juu ya chuma ni nembo ya kiwanda cha Tula. Kutoka kitako mpaka mdomo wa mtutu ni sentimita 123. Na hii fupi iliyolala pembeni yake, ambayo unaishika kwa mkono mmoja kama bastola, ilikuwa hivyohivyo siku moja. Mtutu ukakatwa, kitako kikakatwa. Warusi wanaiita obrezi, yaani kitu kilichokatwa.

Mwenye hii fupi yuko hapa nyuma ya kamera, na hatoki mpaka tumalize, kwa sababu imesajiliwa serikalini kwa jina lake. Nitaeleza.

Obrezi si ubunifu wa mafundi wa leo. Wakati wa mapinduzi ya Urusi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mwaka 1917, Mosin-Nagant za awali zilizagaa vijijini, bastola zikawa adimu. Mkulima au mpiganaji aliyetaka silaha ya kuficha chini ya koti alichukua msumeno. Ilimfaa kwa umbali wa hatua chache tu, na yeye hakuhitaji zaidi ya hapo.

Sasa, inapigaje? Nimefyatua risasi 5, karatasi ya shabaha ikiwa mita 10. Mbili tu ziligusa karatasi. Kilengeo cha mbele kiliondoka pamoja na mtutu, kwa hiyo unakisia. Ila kilichonishtua zaidi ni moto. Risasi hii ya 7.62x54R, ya tangu mwaka 1891, ilipimiwa baruti ya kusukuma ndani ya mtutu mrefu. Hapa mtutu unaisha baruti ikiwa bado inaungua, basi inamalizia kuungua nje, mbele ya uso wako. Nilivaa vizuizi vya masikio vya aina mbili, moja juu ya nyingine, na bado kishindo nilikisikia kifuani. Halafu kuna bolti. Kishikio chake ni kifupi na kigumu. Bunduki ikiwa nzima unaegemeza begani ndipo unakivuta. Hapa huna pa kuegemeza. Kufikia risasi ya tatu kifundo cha mkono kilikuwa kinauma, na sikuongeza hata moja baada ya ile ya tano.

Kama kifaa cha kulenga, basi, siipendekezi. Na hapo bado hatujagusa sheria, ambayo ndiyo iliyonifanya niwashe kamera leo. Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoishi hapa Marekani ni hili: bunduki ni yangu, nimeinunua kihalali kwenye masalia ya jeshi, nikiikata ikawa fupi si itakuwa bastola tu, na bastola si inaruhusiwa?

Hapana. Tafadhali nisikilizeni hapa, maana kosa hili linaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 10.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, inayoitwa National Firearms Act, haitazami umbo peke yake. Inauliza pia silaha ilizaliwa ikiwa nini. Chochote kilichotengenezwa kutokana na bunduki ndefu, kikiwa na mtutu chini ya inchi 16 au urefu wote chini ya inchi 26, kinahesabiwa bunduki ya mtutu mfupi, ambayo inataka kibali na usajili, hata kama unakishika kwa mkono mmoja. Hii fupi ilitoka kiwandani ikiwa na kitako cha begani. Ukiondoa kitako, ukaondoa mtutu, ukabakiza risiva tupu, yaani hiki chuma kinachobeba bolti, asili yake haijabadilika.

Inaeleweka zaidi ukijua historia. Muswada wa mwaka 1934 ulikusudia kuzibana bastola zenyewe, na bunduki fupi ziliingizwa ili mtu asikwepe kwa kukata bunduki yake. Bunge likaziondoa bastola, kile kipengele kingine kikabaki. Ndiyo maana leo bastola mpya unainunua dukani, lakini kuikata bunduki ya babu yako bila kibali ni kosa kubwa.

Na safari ya upande wa pili iko wazi. Silaha iliyozaliwa bastola inaweza kuvalishwa mtutu mrefu na kitako ikawa bunduki, kisha ikarudi kuwa bastola. Mamlaka ya silaha, ATF, iliandika hivyo mwaka 2011, ikifuata kesi ya Thompson/Center iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1992. Kwa hiyo bastola iliyojengwa juu ya risiva mpya kabisa, ambayo haikuwahi kuwa bunduki, ni habari nyingine.

Kuna wanaosema, ya kwangu ni ya kabla ya mwaka 1899, ni ya kale, haihusiki. Ikiwa nzima, sheria nyingine inakupa nafuu hiyo. Ukiikata, hapana, kwa sababu risasi zake bado zinauzwa mpaka leo.

Njia halali ipo. Unajaza Fomu 1 ya ATF, unaambatanisha alama za vidole na picha, unasubiri jibu, na msumeno haugusi chuma mpaka kibali kiwe mkononi. Kodi yake ilikuwa dola 200 tangu mwaka 1934; kuanzia Januari 2026 imekuwa sifuri, lakini usajili haujafutwa. Ukivuka mpaka wa jimbo nayo, unaomba ruhusa kwanza. Majimbo kama California na New York yana marufuku yake yenyewe, kwa hiyo karatasi ya shirikisho haikutoshi huko.

Rafiki yangu alifuata yote hayo, na hii aliipata mtutu ukiwa umeshaliwa na kutu. Hilo nalikubali. Ila ikiwa unayo nzima kama hii ya 1938, yenye namba zinazolingana kwenye bolti, mtutu na kitako, nakuomba uiache. Haitengenezwi tena.

Sasa namrudishia mwenyewe ya kwake, pamoja na karatasi zake.